Nilianza na Fundi, Gari Likafuata

Fundi wangu alinyoosha mkono kama anayetaka kumsalimia dalali, halafu mkono ukampita dalali pembeni ukatua juu ya boneti. Akauacha pale, kiganja wazi, kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Chumbageni, jua bado halina nguvu ya kukausha hata kanga. Boneti ilikuwa ya moto.

"Mgosi," akamwambia, "tulisema injini isiguswe mpaka tufike."

"Nimeisogeza tu, mzee wangu. Hatua mbili tatu."

"Hatua mbili hazichemshi rejeta."

Tukaondoka bila kufungua mlango. Mimi usiku kucha nilikuwa nimeota ile Nissan X-Trail ya rangi ya fedha tuliyokwenda kuikagua. Nilishajua magunia yatakaa wapi, mama atakaa wapi, na nani kwenye kikoba chetu ataumwa na jino siku nikiegesha nje ya mkutano. Nilinuna kutoka Chumbageni mpaka tunaingia Ngamiani. Fundi hakunibembeleza. Tulipofika kwenye kahawa ndipo akasema kwamba gari lililowashwa kabla mnunuzi hajafika mara nyingi lina jambo linafichwa: pengine moshi wa bluu wa dakika ile ya kwanza, pengine injini inagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, pengine haliwaki mpaka libembelezwe. Likishapata moto, yote hayo hunyamaza. "Unakuja kuliona limeshaoga," alisema.

Niseme kwanza kwa nini mwanamke anayeishi Tanga mjini, mji tambarare ambao nusu ya watu wake wako juu ya baiskeli, alihitaji gari ya juu, yaani iliyoinuka kutoka ardhini. Mjini hapa huhitaji gari kabisa. Kutoka Makorora hadi sokoni ni pumzi mbili za kukanyaga pedeli. Shida yangu iko mlimani. Ninauza viungo: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vinatoka Usambara Mashariki, kule juu mbele ya Amani, alikozaliwa mama yangu na anakoishi hadi leo kwa sababu, kwa maneno yake, joto la Tanga ni la watu waliokosa kwao. Kutoka Muheza barabara inakwenda vizuri kiasi mpaka Zigi, pale kwenye lango la hifadhi, halafu inaanza kupanda msituni kwa kona baada ya kona, udongo mwekundu, mtaro upande mmoja na bonde upande wa pili. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika ni sabuni.

Miaka minane mzigo wangu ulishuka kwa bodaboda, kwa Noah za abiria, na kwa fuso za chai ukimpata dereva mwenye huruma. Mwezi wa nne mwaka juzi, magunia mawili ya iliki iliyokaushwa vizuri kabisa yalinyeshewa juu ya keria ya Noah iliyokwama kwenye kona. Nilipoyafungua Tanga, iliki ilikuwa imeota ukungu wa kijivu, ile harufu yake tamu imegeuka ya godoro la mtoto. Anayejua bei ya iliki atajua nililala vipi siku hiyo. Ndipo nikaenda kwenye kikoba nikaomba mkopo, nikaunganisha na akiba yangu, nikapata milioni kumi na mbili.

Ukishasema mbele za watu kwamba unatafuta gari, unagundua kila mtu ni mtaalamu. Shemeji yangu alisema Harrier, ile ya "tako la nyani", maana ukishuka kwenye Harrier hata mteja anakuongezea bei. Mdogo wangu wa kiume akasema Subaru Forester na hakutoa sababu, alifanya tu ule mlio kwa mdomo. Jirani akasema IST, itafika popote, yeye mwenyewe ameifikisha Lushoto. Lushoto lami inaanzia Mombo na kuishia mlangoni mwa benki, nikamjibu kimoyomoyo. Nilichojifunza ni kwamba mtu huwa hakushauri gari la kukufaa. Anakushauri gari analolitaka yeye, kwa hela zako.

Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho naona ndicho pekee nilichokifanya kwa akili katika safari hii yote. Kabla sijaenda kuangalia gari hata moja, nilikwenda gereji. Siyo gereji kubwa. Ni uwanja Makorora, mwarobaini mmoja, makontena mawili, na mzee wa Kisambaa ambaye nilimjua kwa sababu ndiye anayezitengeneza zile Noah zinazopanda kwetu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye tairi, nikamuuliza: "Fundi, gari gani ya juu ukiletewa hapa hupigi simu Dar?"

Alinitazama muda. Akasema watu humletea gari wakishalinunua, hawamletei swali.

Ile simu ya Dar ndiyo jambo lenyewe. Tanga ina maduka ya spea, lakini ina spea za magari yaliyo mengi Tanga. Gari lako likiwa la ajabu kidogo, fundi anapiga simu Kariakoo, unatuma hela, kifaa kinapakiwa kwenye basi, kesho unakwenda kukisubiri stendi ya Kange kama unayempokea mgeni. Kikija kisichoingia, maana wameangalia jina la gari wakasahau namba ya chesisi, kinarudi kwa basi na wewe unaanza upya. Gari liko juu ya mawe siku nne. Kwa mtu wa ofisini siku nne ni bajaji. Kwangu mimi ni mzigo umekaa mlimani na mvua inakuja.

Basi tukapita jina moja moja, yeye akifunga boliti za Noah ya mtu huku akinijibu bila kuinua kichwa.

X-Trail za kizazi cha kwanza, zile za miaka ya 2000 hadi 2007, hakuzichukia. Alisema ni gari la nafasi, lina nguvu, na bei yake imeshuka kwa sababu limepata jina baya la sensa. Sensa ya kranki au ya kamu, vile vifaa vidogo vinavyosoma mzunguko wa injini, ikifa, gari linazima katikati ya barabara kama limekata roho, ukilipumzisha linawaka, ukifika mbele linazima tena. Kifaa chenyewe ni kidogo na si cha bei ya kutisha. Ubaya ni kwamba feki zimejaa, na feki inakaa wiki mbili. Zile zilizofuata, za kuanzia 2007, nyingi zina gia boksi ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka oili yake yenyewe. Mtu akiimiminia oili ya gia boksi ya kawaida, haitakaa. "Na utajuaje aliyekuwa nalo aliweka ipi?" aliuliza. Sikuwa na jibu.

Forester alicheka. Injini yake imelala, alisema, pistoni zinakwenda kushoto na kulia badala ya juu na chini, ndiyo maana gari linashika barabara vizuri kwenye kona. Lakini kubadilisha plagi, kazi ya dakika kumi kwenye gari jingine, pale unaingiza mkono pembeni mwa betri kama unatafuta hirizi. Na hizo injini za zamani zikianza kuvuja gasketi, inabidi injini nzima ishushwe. Nilimwona anaheshimu Subaru kama mtu anavyomheshimu mganga: kwa mbali.

Suzuki Escudo ndiyo niliyodhani ataipitisha, maana wazee wa hifadhi wanaipenda. Ile iliyoanza mwishoni mwa miaka ya tisini ina fremu kabisa chini, kama lori dogo, na ina gia ya chini ya nguvu ya kupandia. Kwa barabara ya kwetu, alisema, hilo ndilo gari la kweli kati ya yote unayoyataja. Halafu akanionyesha maduka ya spea ng'ambo kwa kidole chenye girisi: "Ingia pale, uliza bushi za Escudo." Niliingia. Duka la kwanza hawana. La pili wana za upande mmoja. La tatu wakaniambia nije kesho, yaani Kange.

RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2005, niliipenda kwa macho. Hapa fundi aliweka spana chini. Alisema nikiikuta, nifungue boneti nisome kwenye kava la injini. Kama imeandikwa D-4, nimshukuru mwenye gari niende zangu. Ni injini inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, ikitumia pampu maalumu. Ilitengenezwa kwa mafuta safi ya Japani na kwa watu wanaofanya sevisi kwa kalenda. Huku kwetu inajaa masizi, inatetemeka kwenye mataa, na pampu ikienda umeenda nayo. Kuna za cc 1,800 zisizo na D-4, lakini hizo zinavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Hapo ndipo aliponifundisha kusoma chesisi, elimu iliyoniokoa na madalali wengi. Dalali atakuandikia "4WD" kwenye tangazo hata la baiskeli. Namba ya chesisi haijui kudanganya. RAV4 ya kizazi hicho ikianza na ZCA inavuta mbele tu, ikianza na ACA inavuta kote. Toyota Rush ikiwa J200 inasukuma nyuma, ikiwa J210 ni magurudumu yote manne. Nilizunguka na karatasi hiyo kwenye pochi kama dua.

Rush, nikiri, ndiyo niliyoitaka. Injini ndogo ya cc 1,495, iko juu, nyembamba kwa ajili ya njia zetu, na ina kitufe cha kufunga difu ya katikati. Lakini nzuri zote nilizoziona zilikuwa juu ya mfuko wangu. Nikajaribu na njia ya kuagiza Japani. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA usiku mmoja nikiwa na chai. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyovuka cc 1,000 lakini haijavuka 2,000, asilimia 5. Uchakavu kwa gari lililovuka miaka kumi, asilimia 30. VAT asilimia 18. Na hiyo VAT inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kunenepeshwa na zilizotangulia. Mpaka namaliza kujumlisha chai ilikuwa imeota utando. Kodi ilikuwa inaichungulia bei ya gari lenyewe uso kwa uso. Nikafunga simu nikarudi kwa magari yaliyokwisha kulipiwa na watu wengine.

Iliyobaki ndiyo iliyokuwa jibu la fundi tangu mwanzo, nadhani alikuwa ananisubiri nichoke. RAV4 ya kwanza kabisa, ile ya miaka ya tisini, milango mitano, chesisi SXA11. Nilikunja uso. Ni gari la mviringo, linafanana na kiatu cha mtoto, na lilishakuwa na umri wa binti wa kuolewa. Fundi akanipeleka kwenye ile Noah aliyokuwa akiifunga, akaninyooshea kidole ndani.

"Hii injini inaitwaje?"

Sikujua.

"3S. Na ile RAV4 unayoikunjia uso ina 3S. Corona ina 3S. Caldina ina 3S. Hizo Noah zote zinazokupita kwenda kwenu zimebeba 3S miaka yote hii na hakuna anayezihurumia. Siku yako ikiharibika kule juu usiku, kijana yeyote mwenye Noah atakutoa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshachagua. Ilibaki kulitafuta.

Tuliangalia matano kwa mwezi na nusu. Ile X-Trail ya Chumbageni mnaijua; fundi alikubali twende kuiona kwa sababu tu nilikuwa bado namsumbua. Mikanjuni tulikuta RAV4 safi ambayo kadi yake ilikuwa fotokopi. Kadi halisi "iko kwa ndugu". Ndugu huyo, tulikuja kuelewa baada ya maswali mawili matatu, ni mkopeshaji. Nyingine nilienda peke yangu bila kumwambia fundi, na sitaieleza.

Ya Raskazone ndiyo iliyoniuma. Mwenyewe ni mstaafu, mtu wa adabu zake, alitukaribisha madafu kabla ya mambo ya gari. Liliwaka baridi kabisa, bila moshi, sauti kama cherehani. Rangi inang'aa. Viti vimevishwa vitambaa vya kufuma. Nilishaanza kuhesabu hela kichwani. Fundi akalala chini na bisibisi, nikamsikia anagonga: ngo, ngo, ngo, halafu sehemu moja ikasema fyu. Akaniita nikachungulie. Bisibisi ilikuwa imezama kwenye chuma mpaka kwenye mpini. Nyuma, pale shokapu inaposhikilia bodi, chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi, kimebaki matabaka kama sambusa iliyokaangwa mara mbili. Ndani tukainua zulia upande wa dereva. Kulikuwa na kipande cha bati kimewekwa na kupakwa lami. Zaidi ya miaka kumi gari hilo lililala mita mia moja kutoka baharini, na kila jioni upepo ulilipaka chumvi. Juu unaweza kupaka rangi kila mwaka. Chini hakuna anayetazama. Yule mzee hakuwa akitudanganya, naamini hakujua. Alisikitika kuliko sisi. Tulimaliza madafu kimya.

Toka siku hiyo fundi akaamua: gari la pwani basi, tutafute la bara. Likapatikana Korogwe, kwa mwalimu aliyekuwa akihamia Dodoma. Dalali alikuwepo, lakini alikuwa wa simu tu, na cha juu chake nilikijua mapema kwa sababu mwalimu mwenyewe alinitajia bei aliyoiomba.

Tulitoka Tanga na basi la alfajiri. Boneti baridi. Fundi alianza na vitu ambavyo mimi nisingevigusa. Alifungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, akachovya kidole, akanusa. Alifungua kifuniko cha oili akakigeuza kuangalia ndani, maana maji yakiingia kwenye oili, pale panaganda kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi akakifuta kwenye karatasi nyeupe: nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua. Ndipo akasema washa. Moshi mweupe kidogo, wa ubaridi, ukaisha. Mimi niliangalia raba za pedeli. Dashibodi ilisema kilomita 118,000, na raba ya breki ilikuwa imeisha mpaka chuma kinachungulia. Nilimwonyesha fundi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tupande basi. "Umeanza kuona," alisema. Kilomita za dashibodi ni hadithi. Tangu siku hiyo nazisoma kama tarehe kwenye kalenda ya mwaka uliopita.

Kisha tukaenda kwenye uwanja wa mpira, akakata usukani mpaka mwisho kushoto, akazunguka polepole dirisha likiwa wazi. Ka-ka-ka-ka. Akakata kulia. Kimya. Sivi jointi, kile kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele likiwa limekatwa, ya upande mmoja imekwisha. Shokapu za nyuma zote mbili zinavuja. Taimingi belti hakuna aliyejua ilibadilishwa lini, na hiyo maana yake ihesabiwe kama haipo. Na kulikuwa na tairi mbili mpya mbele, ambazo mwalimu alizitaja kwa fahari mara tatu. Fundi alichuchumaa akazisoma kwa sauti: 225. Za nyuma, zilizokwisha, zilikuwa 215. Gari hili linavuta magurudumu yote manne muda wote, halina cha kuzima. Mbele na nyuma zikiwa na kimo tofauti, kila mzunguko gia ya katikati inapigana na yenyewe, inachemka, na mwisho inavunjika. Mwalimu wa watu alitumia hela nzuri kuliumiza gari lake.

Fundi aliandika yote nyuma ya boksi la plagi, na bei ya kila kitu, akanikabidhi mimi nisome. Hiyo ilikuwa busara yake: hakusema gari ni baya, wala hakubishana. Mwalimu aliomba milioni kumi na nusu. Nilimsomea boksi. Aliuliza kama zile tairi mpya hazihesabiki kabisa. Nikamwambia, mwalimu, naomba unisamehe, ndizo za kwanza nitakazozitoa. Tulifika milioni nane na laki nane saa saba mchana, baada ya wali na maharage kwake. Mkewe alinisindikiza kwa kuniambia taratibu kwamba mlango wa nyuma unataka kuvutwa juu kidogo ndipo ufunge. Alikuwa sahihi.

Makaratasi nitayapitia haraka, kwa sababu hayana utamu lakini ndiyo yanayolaza watu polisi. Kadi halisi, jina lake mwenyewe, si la mtu aliyeuza miaka sita iliyopita bila kuhamisha. Namba ya chesisi na ya injini zimelinganishwa na kadi, kwa macho yetu, si kwa maneno. Nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni, nikakuta faini mbili za elfu thelathini hazijalipwa. Akazilipa palepale kwa simu. Mkataba kwa wakili, mashahidi wawili. Kisha TRA na TIN yangu kuhamisha umiliki. Bima ndogo nililipa 118,000. Ada ya motor vehicle ya kila mwaka, ile iliyokuwa ikiwatoa watu jasho, ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo sasa unailipa kila unapojaza bila kujua.

Nilibaki na milioni tatu na kidogo, na hapa ndipo ninapobishana na shemeji hadi leo. Yeye anaona ningeongeza ile milioni tatu nikapata gari la mwaka wa karibu. Mimi sehemu kubwa ya ile milioni tatu niliipeleka Makorora. Gari lilikaa chini ya mwarobaini siku tatu: taimingi belti na pampu ya maji kwa pamoja, maana ukishafungua pale ni ujinga kufunga pampu ya zamani, sivi jointi, shokapu nne, bushi, oili zote kuanzia injini mpaka difu ya nyuma, na tairi nne za 215/70R16 zinazofanana kama mapacha wanne. Halafu akalipindua ubavu kwa jeki na kulipaka chini dawa ya kutu, kwa sababu sasa lilikuwa limekuja pwani. Spea zote zilitoka Tanga. Kange sikwenda hata mara moja. Hesabu yangu ya mwisho ilikuwa milioni kumi na moja na laki tatu, likiwa gari ambalo kila kipande chake najua kilibadilishwa lini na nani.

Linakunywa. Sitaficha. Kutoka Tanga hadi Muheza nalipata kilomita tisa kwa lita nikienda kwa adabu, na mlimani sipimi ili nisiumie. Halina kioo cha kugusa, redio yake inasoma masafa ya Kijapani, kwa hiyo nasikiliza kituo kimoja tu cha dini. Shemeji akilipanda anakaa kama mtu aliyeketishwa kwenye kigoda msibani.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Novemba, vuli imeshaanza. Nilikwenda peke yangu. Zigi niliikuta imelowa, na juu yake ukungu umeshuka mpaka kwenye miti. Kwenye ile kona iliyoniharibia iliki kulikuwa na fuso limeegemea ukingo, vijana wanakata majani kuyatandika chini ya tairi. Walinisimamisha wakaniambia dada ngoja kwanza. Nikakaa kwenye gia namba mbili, nikakumbuka maneno ya fundi kwamba nisikanyage na nisiachie, mguu ukae palepale. Gari lilitetemeka mkia, likateleza shubiri moja kuelekea mtaroni, nikahisi magurudumu ya mbele yanashika kitu, na likapanda. Mikono ilianza kutetemeka nilipokwisha kupita. Nilisimama mbele ya mashamba ya chai ya Kwamkoro nikashuka, nikakojoa kwenye majani kama mtoto, nikaendelea.

Mama sikumwambia kama nakuja na gari. Nilipokata kona ya mwisho nikamwona kutoka mbali anatoka jikoni haraka, kanga begani, gunia la mdalasini limeshafungwa kamba, anapungia mkono kwa juu kama anavyosimamisha Noah ya saa nne. Ameisikia ile injini miaka yote hiyo, hakuwa na haja ya kutazama. Nikasimama mbele yake nikashusha kioo. Alinitazama mimi, akatazama kiti cha pembeni, akatazama nyuma.

"Konda yuko wapi?" akauliza.